Kutoka Decatur hadi Mtaa wa Guynes: Safari ya Kumkumbuka Medgar Evers

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi nyumbani Atlanta, nikiunganisha yaliyomo katika daftari la Mjomba, risiti nilizozihifadhi na picha za simu. Medgar Wiley Evers, mtetezi wa haki za watu weusi nchini Marekani, alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika mji mdogo wa Decatur, jimbo la Mississippi, akauawa kwa risasi mjini Jackson tarehe 12 Juni 1963, akiwa na umri wa miaka 37. Wengi wanaomtaja huanzia kwenye risasi hiyo, na wengine huishia hapo hapo. Sisi tulitaka kumfuata kwa mpangilio wa maisha yake, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kusafiri: kuingia nyumba za watu walioogopa kusema, kuwasikiliza, kuandika waliyoyaona na kuyapeleka mahali ambapo yangesomwa. Mjomba alifundisha historia katika shule za sekondari nchini Kenya hadi alipostaafu. Alikuja kunitembelea mwezi wa Oktoba, na kilichomvuta kwa Medgar ni jina la mtoto wake wa kwanza: Darrell Kenyatta Evers.

Jumatano: Atlanta hadi Meridian

Tuliondoka saa saba mchana kwa barabara kuu namba 20, ambayo inaelekea magharibi moja kwa moja. Karibu na Birmingham ajali ya lori ilitusimamisha kwa zaidi ya saa nzima, na Mjomba akautumia muda huo kunisomea kwa sauti maelezo aliyoyaandika kuhusu utumishi wa Medgar jeshini. Aliacha shule mwaka 1943 akajiunga na jeshi la Marekani, akapelekwa Ufaransa katika kikosi cha watu weusi kilichohusika na kupakua na kusafirisha mizigo ya vita, akarudi akiwa sajenti. Kutoka Tuscaloosa hadi mpakani hakuna la kusimulia ila misonobari na malori.

Msafiri ajue kwamba akivuka kutoka Georgia kuingia Alabama saa inarudi nyuma kwa saa moja. Simu hujirekebisha yenyewe, lakini saa ya mkononi haijirekebishi, na miadi ya Mississippi hufuata saa hiyo mpya.

Meridian tulifika giza likiingia. Moteli ilitugharimu takriban dola 90 kwa chumba, na dada wa mapokezi, alipoona jinsi Mjomba anavyopanda ngazi, alibadilisha vyumba vyetu tukapewa vya chini bila sisi kuomba. Meridian ndiko alikotoka James Chaney, kijana wa harakati za haki za raia aliyeuawa mwaka 1964 pamoja na Michael Schwerner na Andrew Goodman, na amezikwa nje kidogo ya mji. Usiku huo tulikula kambare wa kukaanga, kabichi na mkate wa mahindi kwa dola 14 kila mmoja, sahani ambazo hatukuweza kuzimaliza.

Alhamisi: Decatur, kisha kuingia Delta

Kutoka Meridian hadi Newton ni mwendo wa nusu saa na kitu, na kutoka Newton unakata kaskazini kwa barabara namba 15 hadi Decatur. Sehemu hii ya pili haikutuchukua hata robo saa. Nilipunguza mwendo kwa sababu njia hiyo ndiyo aliyoipita Medgar kwa miguu alipokuwa mvulana, akienda Newton kusoma, huku watoto wa kizungu wakipita ndani ya mabasi ya shule. Mjomba, aliyelelewa Taita na kutembea kwa miguu mwenyewe kwenda shule, hakushangazwa na umbali. Kilichomkera ni hayo mabasi.

Decatur ni makao makuu ya kaunti ya Newton, mji wa watu wasiofika elfu mbili, wenye mahakama, makanisa, chuo na maduka machache. Baba yake Medgar, James Evers, alifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao, na mama yake, Jesse, alifua na kupiga pasi nguo za watu. James alikuwa na sifa ya kutoshuka njiani kumpisha mzungu, na mara moja alitoka dukani na wanawe akiwa ameshika chupa iliyovunjika ili asipigwe na kundi la watu. Medgar alikua akiyaona hayo. Aliona pia jambo jingine: Willie Tingle, rafiki wa baba yake, aliburutwa mjini na kuuawa na kundi la wazungu katika uwanja wa maonyesho, na nguo zake zenye damu zikaachwa pale kwa muda mrefu, watoto wakizipita.

Tulisimama mbele ya mahakama tukiwa hatujui tuanzie wapi. Mama mmoja mzee, mweusi, aliyekuwa akitoka kulipa kodi ya gari lake, alituuliza kama tumepotea. Mjomba alimweleza tumetoka wapi na tumemfuata nani. Yule mama alitutazama kwa muda, kisha akatuambia tulifuate gari lake. Alituzungusha polepole katika sehemu ya mji walikoishi watu weusi, akisimama na kushusha kioo kila alipotaka kutuonyesha kitu, na mwishowe akatuingiza kanisani kwake, ambako kulikuwa na kahawa na keki zilizobaki baada ya mkutano wa kina mama. Nilipojaribu kumpa pesa ya mafuta alikataa kabisa. Alisema katika utoto wake jina la Medgar lilitajwa kwa sauti ya chini, na kwamba anapenda kuwasikia wageni wakilitaja kwa sauti ya kawaida.

Tulirudi mahakamani kabla ya kuondoka, kwa sababu tukio la hapo Mjomba alitaka kulisimulia akiwa amesimama mahali penyewe. Tarehe 2 Julai 1946, siku aliyotimiza miaka 21, Medgar alikwenda kupiga kura Decatur pamoja na kaka yake Charles na wenzao wachache waliotoka vitani. Walikuwa wameshajiandikisha. Wakakuta wanaume wa kizungu wenye silaha wamewazibia njia, miongoni mwao watu waliowafahamu tangu utotoni, wakalazimika kurudi nyumbani. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa bado amevaa sare ya nchi hiyo hiyo. Nimesoma habari hii mara nyingi, na bado ninaona kwamba mtu asiyeijua hawezi kuelewa kwa nini Medgar alitumia maisha yake yote yaliyobaki kuwaandikisha wapiga kura.

Mchana tulipita Jackson bila kusimama, tukashika barabara namba 49 kuelekea kaskazini. Baada ya Yazoo City vilima vinakwisha ghafla, barabara inateremka, na mbele yako ni tambarare isiyo na kikomo: hiyo ndiyo Delta. Oktoba ni mwezi wa mavuno ya pamba. Mashamba yalikuwa meupe pande zote mbili, na kandokando kumepangwa marobota makubwa ya mviringo yaliyofungwa plastiki ya manjano na ya waridi. Matrekta hutembea barabarani taratibu na si rahisi kuyapita, kwa hiyo ongeza saa moja katika hesabu yako ukisafiri msimu huo. Jaza tangi Yazoo City au Indianola, na pakua ramani kwenye simu mapema, kwa sababu mtandao hukatika kwa kilomita nyingi.

Baada ya Indianola tulipata pancha. Karakana ya kwanza tuliyoiona ilikuwa inafungwa, lakini fundi, kijana mwenye mikono iliyojaa grisi, alifungua tena mlango, akatoa msumari, akaziba tairi na kukataa malipo. Mjomba alikwenda kwenye buti akamletea pakiti ya majani ya chai ya Kericho, na ile ikapokewa. Tulilala Cleveland.

Ijumaa: Mound Bayou, Ruleville, Sumner

Asubuhi tulikula uji mzito wa mahindi yaliyoparazwa, mayai na soseji, kwa dola 9. Mjomba alirudia mara mbili.

Mound Bayou iko dakika chache kaskazini ya Cleveland. Mji huu ulianzishwa mwaka 1887 na watu weusi waliowahi kuwa watumwa, wakiongozwa na Isaiah Montgomery na binamu yake Benjamin Green, na kwa miongo mingi ulijiendesha wenyewe: meya, benki, maduka, shule. Jengo la Hospitali ya Taborian, iliyofunguliwa mwaka 1942 kwa michango ya chama cha kusaidiana cha watu weusi, bado limesimama kando ya barabara. Medgar alihamia hapa mwaka 1952, akiwa amehitimu Chuo cha Alcorn na akiwa na mke wake kijana, Myrlie, aliyefunga naye ndoa siku ya mkesha wa Krismasi mwaka 1951. Kazi yake ilikuwa kuuza bima kwa niaba ya kampuni ya Dakta T. R. M. Howard, mpasuaji na mfanyabiashara tajiri wa mji huo.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfungua macho. Kila wiki aliingia katika vibanda vya wakulima waliolima mashamba ya wazungu kwa kugawana mavuno, watu waliomaliza mwaka wakiwa na deni kubwa kuliko walilolianza nalo, akikusanya senti za bima kutoka kwa watoto wasio na viatu. Chini ya Dakta Howard alishiriki pia kampeni ya kususia vituo vya mafuta: walisambaza vibandiko vya magari vilivyowahimiza watu wasinunue petroli mahali ambapo hawakuruhusiwa kutumia choo. Nilisimama kujaza mafuta nje ya mji huo, nikaingia msalani bila kumwomba mtu ruhusa, na niliporudi garini nikamweleza Mjomba nilichokuwa nikikifikiria. Alijibu tu, "Ndiyo, mwanangu. Hilo nalo lilidaiwa na watu wenye majina."

Ni katika miezi ya Mound Bayou ambapo Medgar alisoma kila alichokipata kuhusu Kenya. Jomo Kenyatta alikamatwa Oktoba 1952, akashtakiwa Kapenguria, na Aprili 1953 akahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Medgar na kaka yake Charles walizungumza kwa dhati juu ya kuanzisha Mau Mau yao Mississippi, yaani kujibu mauaji kwa silaha. Hatimaye aliliacha wazo hilo. Lakini mwanawe wa kwanza alipozaliwa mwishoni mwa Juni 1953, alitaka aitwe Kenyatta. Myrlie ndiye aliyeongeza jina la Darrell mbele yake. Mjomba aliwahi kuwapeleka wanafunzi wake kuona vyumba vya gereza la Kapenguria. Akiwa kwenye benchi mkabala na hospitali ile ya zamani, alinieleza jinsi anavyosikitika kwamba miaka yote hiyo aliwafundisha watoto jinsi habari za Marekani zilivyofika Afrika, bila kujua kwamba habari za Kapenguria zilikuwa zimefika kwenye mashamba haya ya pamba na kuingia katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Ruleville tulisimama kwenye kaburi la Fannie Lou Hamer, mama aliyepigania haki ya watu weusi kupiga kura, kisha tukapanda kwa barabara namba 49 Magharibi. Gereza la Parchman, ambako vijana waliosafiri kwa mabasi kupinga ubaguzi walifungwa mwaka 1961, linaonekana kutoka barabarani. Usisimamishe gari hapo wala usipige picha.

Sumner ni mji mdogo hata kuliko Decatur. Hapa ndipo waliposhtakiwa, Septemba 1955, Roy Bryant na J. W. Milam, waliomteka na kumuua Emmett Till, mvulana wa miaka 14 kutoka Chicago. Jopo la wanaume wazungu watupu liliwaachia huru baada ya kujadiliana kwa muda unaozidi saa moja kidogo tu. Mahakama imerejeshwa ilivyokuwa wakati ule, na tangu 2023 ni sehemu ya mnara wa kitaifa wa kumkumbuka Emmett na mama yake, Mamie Till-Mobley. Mkabala nayo kuna kituo cha maelezo. Piga simu mapema kama unataka mtu akutembeze.

Watalii wengi hawaambiwi kwamba Medgar alikuwa nyuma ya sehemu kubwa ya ushahidi. Mwishoni mwa 1954, baada ya kunyimwa nafasi ya kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Mississippi, aliajiriwa na NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, akawa katibu wake wa kwanza wa nyanjani katika jimbo hilo. Kesi ya Till ilimkuta akiwa na miezi michache kazini. Yeye na wenzake wa NAACP, Ruby Hurley na Amzie Moore, walivaa nguo za wachuma pamba, wakaingia mashambani kuwatafuta watu walioona au kusikia chochote, na kuwashawishi waseme. Kijana aliyetupokea ndani ya mahakama alituonyesha alipoketi shahidi Moses Wright, mjomba wa mama yake Emmett, aliyesimama mbele ya watu wote akamnyooshea kidole mmoja wa washtakiwa. Mjomba wangu aliomba kuketi pale kidogo, akaruhusiwa.

Tulinunua tamale za Delta kando ya njia, nyama yenye pilipili ndani ya unga wa mahindi uliofungwa kwa maganda ya mahindi, dola 8 kwa nusu dazeni, tukazila tukiwa ndani ya gari. Kutoka Sumner hadi Jackson kupitia Greenwood ni zaidi ya saa mbili, na giza lilitukuta njiani. Medgar aliipita njia hii usiku mara nyingi, akiwa na gari kubwa lenye injini ya nguvu alilolichagua ili aweze kuwakimbia waliomfuata.

Jumamosi: Jackson

Nyumba ya akina Evers iko Margaret Walker Alexander Drive namba 2332, mtaa ambao zamani uliitwa Guynes. Tangu Desemba 2020 ni mnara wa kitaifa unaotunzwa na idara ya hifadhi za taifa. Kuingia ndani ni kwa miadi na hakuna malipo. Ni mtaa wa makazi, watu wanaishi pande zote, hivyo egesha gari vizuri na zungumza kwa sauti ya chini.

Jambo la kwanza unaloliona ni kwamba nyumba haina mlango wa mbele. Medgar na Myrlie waliomba ijengwe hivyo, mlango ukawekwa ubavuni chini ya banda la gari, ili mtu anayeingia asisimame akionekana kutoka barabarani. Ndani, vitanda vya watoto vilikuwa magodoro yaliyolazwa sakafuni, chini ya usawa wa madirisha. Watoto walifundishwa kujilaza chini wakisikia mlio. Mwongozaji wetu aliyaeleza haya bila haraka, akatuacha tupite chumba kwa chumba peke yetu.

Tarehe 20 Mei 1963 Medgar alipewa dakika 17 kwenye televisheni ya Jackson kumjibu meya, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa mtu mweusi wa mji ule. Katika hotuba hiyo alisema mkulima wa Delta anajua kupitia redio yake kinachotokea Afrika, na kwamba Mkongo anaweza kuendesha treni, ilhali mtu mweusi wa Jackson haruhusiwi hata kuendesha lori la taka. Tangu usiku huo kila aliyetaka kumdhuru aliijua sura yake. Usiku wa tarehe 11 Juni Rais Kennedy alihutubia taifa kuhusu haki za raia, na Myrlie akawaruhusu watoto wakeshe wamsubiri baba yao. Alifika baada ya saa sita usiku, akashuka garini akiwa amebeba fulana za maandamano. Byron De La Beckwith, mzungu mbaguzi wa rangi aliyejificha vichakani ng'ambo ya barabara, alimpiga risasi mgongoni. Ilipita mwilini, dirishani na ukutani hadi jikoni. Tundu la ukuta linaonyeshwa.

Mjomba alikuwa na miaka 12 mwezi huo. Anaikumbuka Juni mosi, 1963, Kenya ilipopata Madaraka na Kenyatta akawa Waziri Mkuu: shule ilifungwa, wazee walikusanyika penye redio ya duka, na mama yake akachinja kuku wawili. Medgar alikuwa hai siku kumi na moja zaidi. Sijui kama alipata nafasi ya kumweleza Darrell, ambaye angetimiza miaka kumi mwishoni mwa mwezi huo, kwamba mtu aliyempa jina sasa anaongoza serikali. Mjomba alimuuliza mwongozaji swali hilo hilo, naye akaliandika.

Mchana tulikwenda Makumbusho ya Haki za Raia ya Mississippi, yaliyofunguliwa Desemba 2017. Tenga angalau saa tatu, na angalia siku za kufunguliwa kabla ya kwenda. Bunduki iliyomuua Medgar imewekwa humo, na Mjomba hakutaka kuiangalia. Alikaa zaidi kwenye sehemu ya wapiga kura. Kutoka hapo ni karibu kufika mahakama ya kaunti ya Hinds. Mwaka 1964 Beckwith alishtakiwa mara mbili, na mara zote mbili majopo ya wanaume wazungu yalishindwa kukubaliana. Myrlie alihifadhi nakala ya mwenendo wa kesi ile ya kwanza kwa miaka yote, akaendelea kudai, na tarehe 5 Februari 1994 Beckwith alipatikana na hatia akafungwa maisha. Alifia kifungoni mwaka 2001.

Jumapili: Mtaa wa Lynch na kurudi

Kabla ya kuondoka tulipita jengo la Masonic katika Mtaa wa Lynch, ilikokuwa ofisi ya Medgar na ambako maelfu walikusanyika kwa mazishi yake tarehe 15 Juni 1963. Jengo lilikuwa limefungwa, lakini mzee mmoja aliyekuwa akifagia ukumbi wa jirani alitusogezea viti kivulini na kutuelekeza dirisha la ofisi hiyo lilipokuwa. Njia ya kurudi Atlanta ilikuwa ndefu na tulivu. Mafuta ya safari nzima yalitugharimu kama dola 130.

Medgar hakuzikwa Mississippi. Kama askari aliyetumikia vitani alizikwa tarehe 19 Juni 1963 katika makaburi ya taifa ya Arlington, karibu na Washington, sehemu ya 36. Ndege ya Mjomba ya kurudi Nairobi ilipitia Washington na kumwachia mchana mzima, akapanda treni ya mjini hadi kituo cha Arlington, akapewa ramani kwenye lango, na kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu. Kuingia ni bure, kitambulisho kinahitajika, na anayeanzia safari upande huo anaweza kuifuata kwa mpangilio wa kinyume, amalizie Decatur. Nami ningemshauri afanye hivyo.